Umbo la Picha Isiyokuwepo

Fremu nyekundu ya Adobe Premiere Pro haina mtunzi anayetajwa, ingawa wahariri wengi wa video wameikodolea macho kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kukodolea mchoro wowote ukutani. Umbo lake ni jepesi hadi linakera: wekundu mtupu toka ukingo hadi ukingo, na juu yake taarifa moja iliyorudiwa kwa lugha kadhaa, kwamba faili la picha halipatikani. Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo, na hakuna anayekihitaji pale, maana rangi imeshasema. Aliyehamisha folda usiku, au aliyechomoa diski ya nje akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akifungua kazi yake asubuhi hukuta harusi nzima imekuwa nyekundu. Bibi harusi ni mwekundu, keki nyekundu, hotuba ya baba mzazi nyekundu. Sauti huenda ikabaki, ikiwa ilirekodiwa kwenye faili lake lenyewe, kwa hiyo vigelegele vinasikika vikitoka ndani ya ukuta wa rangi.

Inafaa kuisoma fremu hiyo taratibu, kwa sababu inajua mengi kuliko inavyoonyesha. Faili la mradi wa video halibebi picha hata moja. Linabeba anwani tu: jina la faili, folda linamokaa, fremu ya kuanzia, fremu ya kukomea, nini kinatangulia na nini kinafuata. Picha zenyewe ziko kwingine kwenye diski, na programu huziendea kila inapotakiwa kuzionyesha. Zikihama, kazi ya mhariri haihami nazo. Mkato uko palepale. Mfifio wa kutoka shoti moja kwenda nyingine uko palepale, na marekebisho ya rangi yanasubiri kurekebisha kitu ambacho hakipo. Wekundu ule unakaa sekunde 4 na fremu 7 kwa sababu shoti iliyopotea ilikaa sekunde 4 na fremu 7. Urefu wa shoti ile unaujua kwa usahihi ambao mpiga picha mwenyewe hakuwa nao. Sura yake haiijui hata kidogo.

Uwiano huo, kati ya kujua urefu na kujua sura, ndio kipimo nitakachotumia hapa kwa kila aina ya kishikanafasi, yaani kitu kinachoshika mahali pa kisichokuwepo. Mara nyingi tunakihukumu kwa kuuliza kama kinapendeza au kinasumbua macho, na kwa swali hilo fremu nyekundu hushindwa kabla ya kuanza. Nadhani swali lenyewe ndilo baya.

Msomaji wa tenzi ameshakutana na jambo hili bila kompyuta. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vyenye mizani 8 kila kimoja. Vitatu vya kwanza hufungwa kwa kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachopita katika utenzi mzima. Sasa mchukulie mhariri wa mswada mkongwe ambao mchwa wametoboa kipande cha tatu cha ubeti fulani. Maneno yamekwenda, lakini hajabaki mikono mitupu: anajua palikuwa na mizani 8, anajua silabi ya mwisho ilikuwa ipi, na anajua sentensi ilitoka wapi na inakwenda wapi. Akiweka nukta mahali pale, nukta zile zinabeba umbo kamili lililopungukiwa na maneno tu. Mhariri huyohuyo, akiwa na kipaji cha ushairi, anaweza kutunga kipande cha mizani 8 chenye kina kilekile, akakipachika. Kitakaa sawasawa. Baada ya miaka 50 hakuna atakayejua kwamba mshairi wa kale hakukisema kamwe. Kadiri umbo linavyobana, ndivyo kiraka kinavyozidi kufichika, na ndiyo maana uaminifu wa nukta una thamani kubwa zaidi katika utenzi kuliko katika barua.

After Effects, programu ndugu ya Premiere inayotumika zaidi kwa michoro inayotembea na picha za kutengeneza, imechagua uso mwingine kwa kazi hiyohiyo. Faili likikosekana, au mhariri akiagiza mwenyewe kishikanafasi kwa ajili ya picha itakayokuja, programu huweka mistari wima ya rangi: ile iliyokuwa ikionekana kwenye televisheni kabla ya matangazo kuanza, ikiandamana na mlio mmoja usiokata. Waliokua na televisheni ya zamani wanaikumbuka kama alama ya kwamba bado hakuna kitu. Mafundi wa mitambo waliisoma tofauti kabisa. Katika mpangilio uliozoeleka zaidi, mistari ni saba, kutoka kushoto: nyeupe iliyofifia, njano, samawati ya kijani, kijani, zambarau nyekundu, nyekundu, buluu. Mfuatano huo haukuchaguliwa kwa urembo. Mwanga unashuka hatua kwa hatua kutoka kushoto kwenda kulia, kiasi kwamba kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe rangi zile hugeuka ngazi ya kijivu. Na ukizitazama kwa chembe zake, buluu imo kwenye mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa saba, na haimo kwenye mingine. Inaingia na kutoka kama kina. Fundi akizima nyekundu na kijani kwenye kioo chake cha ukaguzi, anabaki na buluu inayorukaruka, na kwa hiyo anapima kama rangi zimekaa sawa.

Kwa hiyo mchoro ulioonekana kuwa wa kupotezea muda ni maandishi mazito, yenye sarufi. Ila ndani ya After Effects sarufi hiyo haisomwi na mtu. Hakuna anayerekebisha televisheni kwa mistari ile. Imeazimwa kwa jambo moja tu: haiwezi kudhaniwa kuwa ni picha ya kitu. Mtu hatapita akidhani ni machweo ya Bagamoyo.

Kinachonivutia zaidi ni fomu inayotangulia mistari hiyo. Anayeunda kishikanafasi huulizwa jina, upana na kimo, idadi ya fremu kwa sekunde, na muda. Basi. Hakuna anayemuuliza picha itahusu nini. Swali la fremu kwa sekunde ndilo linalomtega mtu wa huku kwetu, kwa sababu televisheni zetu zimerithi mfumo wa fremu 25 ilhali simu nyingi hurekodi 30 zisipobadilishwa. Sekunde 10 ni fremu 250 kwa hesabu ya kwanza na 300 kwa ya pili, na aliyejaza namba isiyo yake ameandika mizani 9 mahali pa 8: itasomeka, lakini sikio litagundua. Akijaza vizuri, anaweza kukikata kishikanafasi, kukizungusha, kukipitisha mbele ya maandishi, na siku picha halisi ikifika akaibadilisha kwa amri moja. Kazi yote aliyoifanya juu ya mistari itahamia kwenye picha. Ni sanaa ya kufanyia kazi kitu ambacho hujakiona. Kwa upande wa umbo, sijui kishikanafasi kilicho safi kuliko hiki.

Premiere nayo ina njia ya kuunda faili lisilokuwepo kwa makusudi, na fomu yake ni ya mwandishi wa masjala: jina la mkanda, maelezo, namba ya sini, namba ya shoti, taimukodi ya kuanzia na ya kumalizia. Inatoka enzi ambapo picha ilikuwa kwenye mkanda rafuni na mhariri alilazimika kuandika ni mkanda upi uende kuletwa. Siku hizi wachache wanaijaza.

Final Cut Pro ya Apple imekwenda njia ya tatu, na hapa ndipo ninapokunja uso. Kishikanafasi chake kina mandhari na watu. Mhariri huchagua umbali wa kamera, idadi ya watu watakaoonekana, kama ni wanaume au wanawake, mandhari ya nyuma yao, hali ya anga, na kama tuko ndani ya nyumba au nje. Kisha vivuli vya watu wasio na nyuso hujipanga kwenye fremu. Kuna pia mahali pa kuandika maelezo. Nakiri kwamba kifaa hiki kinasaidia. Mwongozaji asiyejua kuchora anaweza kupanga filamu yake yote kwa vivuli kabla hajaajiri mwigizaji hata mmoja, na mpiga picha akiitazama anajua aende na lenzi gani.

Lakini kisome kama matini. Kivuli cha mtu kwenye shoti ya karibu kimeshaamua kwamba tukio hili litaonekana kwa karibu. Kimeshaamua kwamba ni mtu mmoja, amesimama katikati, anatazama mbele. Uamuzi huo haukufanywa na mwongozaji kwa kufikiri. Umechaguliwa kutoka orodha fupi iliyotungwa na mtu mwingine, mahali pengine, mwenye mji wake kichwani na anga yake. Tatizo la vivuli hivi ni ulaini wao. Mhariri akivitazama kila siku kwa wiki kadhaa, jicho huvizoea, na siku picha halisi inapokuja ikiwa imepigwa kwa mbali, mwigizaji akiwa pembeni kwa sababu pale ndipo mwanga ulipokuwa mzuri, inaonekana ina kasoro. Kasoro gani? Haifanani na kivuli. Leso inayorushwa dirishani mwa daladala kuwekea kiti haihitaji kufanana na mwenyewe. Inatosha kwamba hakuna mwingine atakayeketi.

Historia ya filamu inao ushahidi wa jinsi kishikanafasi chenye sura kinavyoweza kugeuka bwana. George Lucas, alipokuwa akitengeneza Star Wars iliyotoka mwaka 1977, hakuwa bado na picha za vita vya angani, kwa kuwa karakana yake mpya, Industrial Light & Magic, ilikuwa bado ikivumbua namna ya kuzipiga. Akajaza nafasi hizo na vipande vya filamu za zamani za Vita Kuu ya Pili: ndege za kweli na za kuigiza, zikikimbizana mawinguni. Marafiki zake walionyeshwa toleo la awali likiwa hivyo, roketi za kubuni zikikatizwa ghafla na ndege za nyeusi na nyeupe. Baadaye mafundi walitengeneza shoti zao kwa kufuata vipande vile, mwendo kwa mwendo. Ndiyo maana vyombo vya angani vya Star Wars huinama vinapopiga kona, kama ndege inayoegemea hewa, wakati kule viliko hakuna hewa ya kuegemea. Kishikanafasi kimeondoka, mwendo wake umebaki. Nakubali kwamba filamu ilinufaika: mwili wa mtazamaji ulishaujua mwendo ule.

Alex North hakunufaika. Stanley Kubrick alipokuwa akihariri 2001: A Space Odyssey, aliweka chini ya picha muziki wa kushikia nafasi: Richard Strauss, Johann Strauss, György Ligeti. North aliajiriwa kutunga muziki wenyewe, akatunga zaidi ya dakika 40. Filamu ilipotoka mwaka 1968, North aliketi ukumbini na kugundua kwamba muziki wake haukutumika; kishikanafasi ndicho kilichobaki, na leo hakuna anayeweza kuiwazia filamu ile bila hicho. Unaweza kusema Kubrick alichagua vizuri. Mimi pia ningesema hivyo. Ila tuitambue njia iliyotumika: muziki uliowekwa kwa muda ulikuwa mzuri kupita kiasi, ukaujaza urefu na sura kwa pamoja, na aliyekuja nyuma hakukuta nafasi iliyo wazi.

Hadi hapa nimezungumzia picha itakayokuja. Iko nyingine isiyotarajiwa kuja kamwe.

Katika siku za ukanda wa filamu, mhariri aliyepungukiwa na shoti aliweka ukanda mtupu wa urefu uleule. Hesabu ilikuwa ya futi: ukanda wa milimita 35 una fremu 16 kwa futi na hupita fremu 24 kwa sekunde, hivyo sekunde 4 zilizokosekana zilikuwa futi 6 za ukanda usio na kitu. Asipoziweka, midomo ya wasemaji ingetangulia sauti yote iliyofuata. Kanuni ilikuwa ya mashine, lakini ndiyo ileile ya mizani: sauti ndiyo inayosema ni kiasi gani kimepotea.

A Star Is Born ya George Cukor, iliyotoka mwaka 1954 Judy Garland akiwa mhusika mkuu, ilikatwa na kampuni yake karibu nusu saa baada ya kuzinduliwa. Ronald Haver alipoirejesha mwaka 1983 alipata sauti kamili, lakini sehemu ya picha haikupatikana, akaijaza kwa picha za mnato zilizopigwa wakati wa utengenezaji. Watu wanazungumza, na nyuso zao zimeganda. Inachosha kwa dakika chache, halafu jambo la ajabu linatokea: unaanza kusikiliza. Muda wa kila kimya ni wa kweli, pumzi ni za kweli. Picha ni za kukisia kiasi fulani, ila zimewekwa juu ya urefu ambao hakuna aliyeubuni.

Sasa ilinganishe na Greed ya Erich von Stroheim. Ilikatwa kutoka saa nyingi hadi kufikia toleo fupi la mwaka 1924, na vilivyokatwa havikuonekana tena. Mwaka 1999 Rick Schmidlin alitengeneza toleo la takribani saa nne kwa kutumia mwongozo wa maandishi wa Stroheim na zaidi ya picha 650 za mnato. Picha zile ni nzuri mno. Kamera inazisogelea, inapita juu yake kutoka uso hadi uso. Lakini Greed ni filamu isiyo na sauti, na mwongozo wa maandishi hautaji kila shoti ilikaa sekunde ngapi. Kwa hiyo hapa mambo yamepinduka: kishikanafasi kinaijua sura, tena sura halisi, nyuso na mavazi na vyumba, lakini urefu hakiujui. Kila sekunde ya toleo lile ambayo imesimama juu ya picha ya mnato ni sekunde ya Schmidlin, na kule kusogeasogea kwa kamera kunaificha. Naiheshimu kazi hiyo kama kumbukumbu. Kama mdundo wa Stroheim, siiamini.

Pasażerka, ya Mpolandi Andrzej Munk, haikubali kupangwa upande wowote kati ya hizi. Munk alifariki kwa ajali ya gari mwezi Septemba 1961 kabla hajaimaliza. Witold Lesiewicz na wenzake waliikamilisha, ikatoka 1963. Liza, aliyekuwa msimamizi wa wafungwa Auschwitz, yuko melini na mumewe miaka mingi baadaye, na anamwona abiria anayefanana na Marta, mfungwa wake wa zamani. Sehemu za kambini zinatembea kama filamu yoyote. Sehemu za melini ni picha za mnato, na sauti ya msimulizi inayouliza zaidi kuliko inavyojibu. Hawakujaribu kubuni Munk angeimalizaje. Matokeo yake ni umbo ambalo pengine hakuna ambaye angelichagua kwa hiari: yaliyopita yanatembea, sasa imeganda. Liza anamsimulia mumewe kisa kimoja, halafu tunakiona kisa kingine cha mambo yaleyale, na muda wote huo mwanamke aliye melini hasogei, hageuki, hathibitishi. Kishikanafasi kimekuwa hoja ya filamu. Ni bahati iliyotokana na msiba, na mhakiki akiigeuza kuwa kanuni ya sanaa atakuwa amekosa adabu kwa marehemu.

Metropolis ya Fritz Lang ndiyo iliyopitia njia yote. Ilizinduliwa Berlin mwezi Januari 1927, ikakatwa muda mfupi baadaye, na kwa miongo mingi robo hivi yake ilihesabiwa kuwa imepotea. Haikuwa na sauti, lakini ilikuwa na kitu ambacho Greed haikuwa nacho: muziki wa Gottfried Huppertz, ambao nakala yake ya piano ilikuwa na alama 1,028 za kuulinganisha muziki na picha. Alama hizo zilikuwa mizani. Kwa kuzifuata, warejeshaji waliweza kujua shoti fulani iliyopotea ilikaa wapi na kwa muda gani, bila kuiona. Toleo la mwaka 2001 liliziba mapengo kwa kadi za maandishi. Toleo la kitaaluma lililotolewa Berlin mwaka 2005 chini ya Enno Patalas lilithubutu zaidi: liliacha muziki upige kwa urefu wake wote, na penye pengo likaweka kijivu, pamoja na maandishi au picha ya mnato ilipopatikana. Mtazamaji alikaa mbele ya ukuta wa kijivu akisikiliza muziki ukikimbiza kitu asichokiona. Ni fremu nyekundu ya Premiere, ila iliyowekwa kwa makusudi na watu walioamini kwamba picha haitarudi.

Ikarudi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba katika jumba la makumbusho ya filamu mjini Buenos Aires kulikuwa na nakala ya milimita 16 yenye karibu kila kilichokosekana. Ilikuwa imenakiliwa kutoka ukanda uliochakaa, na michubuko ya ukanda ule ilinakiliwa nayo, ikawa sehemu ya picha. Fremu yake nayo ilikuwa imepunguzwa. Katika toleo la mwaka 2010, warejeshaji hawakuikuza ili ijaze kioo. Waliiacha na ukingo mweusi, ili watu na majengo ndani yake wabaki kwa ukubwa uleule wa picha safi zinazowazunguka. Kila dakika kadhaa filamu inanyauka, inaingia mvua ya mistari, kioo kinapungua, kisha inapona. Mtazamaji anayetaka burudani safi atachukizwa. Mimi naona ukingo ule mweusi ndio uamuzi bora wa toleo zima, maana unasema kipi kimepatikana na kipi bado, ndani ya fremu hiyohiyo.

Matukio mawili hayakuweza kurejeshwa: mahubiri ya mtawa kanisani, na mapigano kati ya wahusika wawili, Rotwang na Fredersen. Hapo wamerudia kadi za maandishi zinazotupa muhtasari wa kilichotokea. Sidhani kwamba walichagua vizuri. Kadi inatuambia nani alipigana na nani, jambo ambalo tungeweza kulisoma kitabuni, na wakati tunaisoma hatuuhisi urefu wa mapigano. Kijivu cha mwaka 2005 hakikutuambia chochote, na kwa matukio hayo mawili ningekirudisha.